MAONI: Dawa ya kukata raha ya pombe si dawa ya kunyoosha miguu



Mwezi uliopita mama mmoja alifika kwenye chumba chetu cha afya ya akili akiwa ameshika kipande cha karatasi. Juu ya karatasi hiyo mtoto wake anayesoma sekondari alikuwa ameandika jina la dawa: naltreksoni. Mama alikuwa amesikia habari zake kwa jirani, na jirani alisikia kwa mtu aliyetoka Kampala, kwamba wazungu wamegundua dawa ambayo panya akipewa, hata umleweshe namna gani, hayumbi. Akaniuliza: "Muganga, hiyo dawa munayo? Baba watoto akiimeza atafika nyumbani bila kuanguka kwenye mutaro?"

Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu. Mume wake alikuwa amevunjika mkono wiki mbili kabla, akitoka usiku kwa wauza waragi. Swali lake halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Siku ile foleni ilikuwa ndefu nikampa jibu fupi, nikamwambia hapana, sivyo ilivyo. Jibu refu nimeona niliandike hapa, kwani tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na watu wengine wanne, na mmoja wao ni kiongozi wa bloku.

Kwanza, habari ya panya ni ya kweli, ila imefika kambini ikiwa imegeuka njiani. Wengi wetu tunamjua panya kama mwizi wa unga wa mgao. Kwenye maabara panya mdogo mweupe au wa kijivu hufugwa kwa ajili ya utafiti, na ndani ya ubongo wake kuna sehemu nyingi zinazofanya kazi kama zetu. Wachunguzi humdunga pombe kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, kisha humweka ndani ya sanduku ambalo pembeni yake kuna mionzi midogo isiyoonekana kwa macho. Kila panya anapokatiza mwonzi, mashine inahesabu. Kwa njia hiyo wanajua panya ametembea kiasi gani kwa dakika kumi au kumi na tano, bila mtu kukaa na kukodoa macho.

Kinachoonekana ni kile tunachokiona sisi wenyewe jioni ya siku ya malipo. Pombe ya kiasi, tuseme gramu mbili kwa kila kilo ya mwili wa panya, inamchangamsha. Anazunguka, anakimbia, hatulii. Ukiongeza hadi gramu tatu au nne miguu inalegea, anaanguka chali na hawezi kujigeuza. Kwa hiyo ni kinywaji kimoja chenye sura mbili, ya kuruka na ya kuanguka. Na panya hawafanani. Kuna ukoo mmoja ambao wachunguzi huuita DBA/2, huo ukipewa pombe unakimbia kama umewashwa moto. Ukoo mwingine, C57BL/6, unakunywa pombe nyingi kwa hiari yake lakini haukimbii sana. Nadhani kila mmoja wetu akifikiria ukoo wake mwenyewe atapata mfano.

Sasa kwa nini pombe inamkimbiza? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen huko Uskoti, walitangaza kwamba ubongo wenyewe unatengeneza vitu vinavyofanana na mofini. Baadaye vingine vya jamii hiyo vilipatikana, na kimoja kinaitwa endofini. Mofini ni dawa ya afyuni, ile inayopewa mgonjwa mwenye maumivu makali sana. Kumbe mwili una ya kwake, kidogokidogo, ya kutuliza maumivu na kumpa mtu raha. Pombe inapoingia mwilini inafanya ubongo umwage endofini, na endofini inakwenda kukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu ndogo sana juu ya chembe za ubongo zinazoipokea kama kufuli linavyopokea ufunguo. Kufuli likifunguka, kemikali nyingine iitwayo dopamini inatoka, na hiyo ndiyo inayosema, "Hii ni nzuri, rudia." Panya anakimbia. Mtu anaagiza chupa ya pili.

Naltreksoni na ndugu yake naloksoni ni dawa za kuziba kufuli hilo. Fikiria mtoto aliyevunjia kijiti ndani ya tundu la kufuli la mlango wenu: ufunguo upo, mkono wa kuuzungusha upo, lakini hauingii. Panya akipewa dawa hiyo kabla ya pombe, mara nyingi zile mbio zinapungua. Na panya waliozaliwa bila kipokezi hicho kabisa, katika utafiti uliotolewa mwaka 2000, hawakujishughulisha kutafuta pombe kama wenzao.

Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Mwaka 2005 wachunguzi wa Portland, Marekani, walitumia panya waliokuwa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kukimbia sana wakipewa pombe, na naloksoni haikuwapunguzia mbio. Hili halikufika kambini pamoja na ile habari nyingine. Habari ya kushindwa haipandi gari.

Lakini hata pale dawa ilipofanya kazi, angalia ilifanya nini. Ilipunguza kuchangamka. Kuyumba ni jambo lingine, na linapita mlango mwingine. Pombe inaongeza nguvu ya kemikali ya ubongo inayotuliza, na inafika hadi kwenye ubongo wa nyuma, juu kidogo ya shingo, ambao kazi yake ni kushika mizani ya mwili na kupanga hatua. Huko ndiko miguu inakopotelea. Kijiti ulichokivunjia kwenye kufuli la mbele hakizuii mtu kuingia kwa mlango wa nyuma.

Hata kwa binadamu jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya watu wasio walevi waliopewa naltreksoni kisha wakanywa pombe. Walisema ule mchangamko umepungua, na kwamba wanajisikia wazito na wenye usingizi zaidi kuliko walipokunywa bila dawa. Mama, sikia vizuri: usingizi zaidi. Baba watoto akimeza kidonge saa kumi na moja jioni halafu akanywa chupa zilezile, hatarudi akiwa ananyooka. Pengine atakunywa chache, hilo ndilo tunalolitumaini, lakini zile atakazokunywa zitamwangusha vilevile, na mtaro uko palepale.

Kuna na wale wanaokuja usiku na mtu aliyezimika kwa pombe, wakimwambia muuguzi wa zamu ampige sindano ya kumzindua. Wamesikia kwamba naloksoni inamwamsha mtu aliyezidisha mofini au heroini, na ni kweli, inamwamsha kwa dakika chache. Kwa pombe madaktari walijaribu tangu mwisho wa miaka ya 1970. Wengine walidhani wameona wagonjwa wakiamka, wengine hawakuona kitu, na haikuwa tiba ya kukubalika. Mtu aliyezimika kwa pombe alazwe ubavu ili akitapika asipaliwe, afunikwe asipate baridi, asiachwe peke yake, asipewe maziwa wala maji kwa nguvu, na aletwe kituoni. Akisema macho yanaona ukungu, au anapumua harakaharaka siku ya pili baada ya kunywa, msingoje asubuhi. Mwaka 2010, Kabale na Kamwenge hapa Uganda, watu makumi kadhaa walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli inapofua na kuua, na hakuna kidonge cha kuziba kufuli kitakachoisaidia. Tangu sashe zipigwe marufuku mwaka 2019 watu wengi wanadhani hatari imekwisha. Waragi ya kupimwa kutoka kwenye jerikeni haina lebo ya kukueleza kilichomo.

Nirudi kwa mume wa yule mama, kwani habari yake ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa ajili ya mkono uliovunjika alikuwa amepewa tramadoli. Tramadoli ni ya jamii ya afyuni, inafungua kufuli lilelile. Kama mama angefanikiwa kununua naltreksoni mjini, akaisaga na kuitia kwenye uji bila mumewe kujua, kama alivyoniambia kwa unyofu kwamba alikuwa amefikiria, dawa ya maumivu ingekatika nguvu hapohapo. Mkono ungemuuma usiku kucha. Na kama angekuwa amezoea tramadoli kwa wiki nyingi, kama vijana wetu wengine wanaoinunua sokoni kwa mkupuo, angepatwa na kutapika, kuharisha, jasho na mateso ambayo asingejua yametoka wapi. Ndiyo sababu inatakiwa mtu awe amekaa siku 7 hadi 10 bila dawa yoyote ya jamii ya afyuni kabla ya kuanza naltreksoni. Mwenye homa ya ini inayowaka au ini lililoshindwa kazi naye hapewi. Na kumtilia mtu mzima dawa kwenye chakula bila yeye kujua ni makosa, hata kama unampenda.

Baada ya kusema yote haya, msomaji atadhani mimi ni adui wa dawa hii. Sivyo. Mimi ni mmoja wa wachache katika mkutano wetu wa kila wiki wanaotaka iletwe. Wenzangu wengine wananiambia ulevi ni tabia, si ugonjwa, na kwamba kambi iliyokosa vitanda vya wazazi haiwezi kununua dawa za walevi. Hoja ya vitanda naielewa. Hoja ya tabia siikubali, na panya ndiye shahidi wangu. Panya hana tabia mbaya. Hana rafiki wa kumshawishi, hakupoteza shamba Masisi wala ndugu Fizi. Pombe inamfungulia kufuli kwenye ubongo, na ukiliziba anapunguza. Binadamu ana kufuli hilohilo, na juu yake ana yote yale ambayo panya hana.

Na kwa binadamu dawa imepimwa kwa muda mrefu. Mwaka 1992, Philadelphia, wanaume 70 walioshindwa na pombe waligawanywa, wengine wakapewa naltreksoni na wengine kidonge kisicho na kitu, wote wakapata na mashauri. Kwa wiki 12, waliorudia ulevi katika kundi la dawa walikuwa 23 kwa mia, katika kundi la pili 54 kwa mia. Marekani iliiruhusu kwa ulevi mwishoni mwa mwaka 1994. Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja mwaka 2014 faida ilionekana kuwa ndogo kuliko ile ya Philadelphia, lakini ipo: wakitibiwa watu 12, mmoja ambaye angerudia kunywa kupita kiasi harudii. Mmoja kati ya kumi na wawili. Atakayesema ni wachache aje akae na mimi Jumatatu asubuhi ahesabu wanawake wenye macho yaliyovimba, kisha aniambie ni nani kati yao ambaye mume wake hafai kuwa huyo mmoja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza naltreksoni, pamoja na akamproseti, katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo hatuombi kitu cha anasa.

Ninachokiogopa ni namna ya kuileta. Sisi tunajua jinsi dawa zinavyokuja kambini: mwezi huu katoni tano, miezi miwili ijayo hakuna kitu, halafu zinakuja zikiwa zimebakiza wiki sita kuharibika. Kwa dawa ya minyoo hilo linavumilika. Kwa hii sina hakika. Wachunguzi wa Castellón, Hispania, walitoa mwaka 2004 matokeo ambayo ningependa kila mwagizaji wa dawa ayafikirie. Panya waliopewa naltreksoni mara moja kabla ya pombe walipunguza mbio. Waliopewa kwa siku mfululizo, kisha ikasimamishwa, walipopewa pombe walikimbia zaidi kuliko kawaida. Ubongo uliokuwa umezibwa ulikuwa umejiandaa, na kizibo kilipotoka raha ikaingia kwa nguvu. Hao ni panya, sisemi binadamu naye ni hivyohivyo. Lakini sitaki tulijue hilo kwa kuwajaribu wakimbizi kwa sababu tu lori limekwama. Kwa mtu aliyekuwa anatumia afyuni hakuna hata haja ya panya: inajulikana kwamba akiacha naltreksoni na kurudia kipimo chake cha zamani, anaweza kusimama kupumua.

Basi msimamo wangu ni huu. Dawa ije kwa wagonjwa wachache wanaojulikana kwa jina, na kwa kila mmoja anayeanzishwa, vidonge vyake vya miezi mitatu viwe tayari kwenye kabati kabla hajameza cha kwanza. Ni miligramu 50 mara moja kwa siku, haihitaji friji. Mtu apimwe ini, aulizwe dawa zote anazotumia pamoja na zile za sokoni, na apewe kadi ya kuonyesha akipata ajali, ili muuguzi wa zamu ajue kwamba mofini haitamsaidia kama kawaida. Na mashauri yaendelee. Bila mashauri tutakuwa tumegawa vidonge tu, na vidonge vinauzwa. Hilo nalo tunalijua.

Kuna jambo jingine ambalo si la dawa hii lakini siwezi kulipita. Katika baadhi ya maeneo walevi hukamatwa na kufungiwa siku mbili tatu "mpaka pombe iishe." Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, pombe ikikatika ghafla, huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege inaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya tatu au ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Naltreksoni haizuii hilo hata kidogo. Dawa yake ni diazepamu na vitamini ya tiamini, ambazo zimeandikwa katika mwongozo wa afya ya akili wa dharura uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR mwaka 2015, na hizo tunazo. Mwaka jana tuliletewa kijana kutoka kwenye chumba cha namna hiyo akiwa ameng'ata ulimi vipande. Waliomfungia walidhani anaigiza. Ndugu viongozi, mkimkamata mlevi wa kila siku, mleteni kwetu siku hiyohiyo, kisha mambo ya sheria yafuate.

Sikuandika kuhusu wanawake wanaopika pombe, na msomaji mmoja ataniuliza kwa nini. Ni kwa sababu yule mama mwenye karatasi naye anapika kasiksi Jumamosi. Aliniambia mwenyewe bila mimi kumuuliza. Fedha ya daftari na sabuni inatoka hapo. Mkimkataza bila kumwonyesha kazi nyingine, atahamia kwenye waragi, ambayo inafichika vizuri zaidi.

Mume wake alikuja wiki iliyopita kuondolewa plasta. Mama alimleta kwa nguvu hadi mlangoni kwangu, yeye mwenyewe akakaa nje kwenye benchi. Mzee huyo aliniuliza kama ni kweli kuna dawa ya kumfanya mtu asione utamu wa pombe. Nikamwambia ipo duniani, hapa bado. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi niandike jina." Nimemwandika. Tramadoli aliacha tangu siku kumi na mbili. Kwa sasa anakuja kwa mashauri kila Jumatano saa tatu asubuhi, mlango wa pili baada ya chanjo, na yeyote mwingine anayetaka kuja anakaribishwa, awe amekunywa au hakunywa.